Utume Si Cheo

Septemba 2022, wakazi waliosalia Kangondo na Kibiraro waliondolewa katika bonde lililo chini ya majumba ya Nyarutarama, wakapelekwa kwenye maghorofa ya Busanza, wilayani Kicukiro. Wengi walikuwa wamedai fidia ya fedha badala ya nyumba, na shauri lilikuwa limefika mahakamani. Kigali nzima iliujua mtaa wao kwa jina la Bannyahe. Humo waliishi vibarua, mafundi, wauza mboga na watumishi wa ndani, watu waliopanda kilima alfajiri kwenda kufua na kupika katika nyumba za wenye nacho.

Leo hatuamui kesi ya uhamisho huo. Tunawaandikia mitume. Kwa miaka yote ya mvutano ule, jiji hili halikukosa wahubiri wanaojiita Mtume na kuandika cheo hicho kwenye mabango ya barabarani. Tunawauliza: wangapi kati yenu mlishuka bondeni wakati ule? Na wangapi mmewafuata watu hao Busanza?

Kipimo hiki hatukukitunga sisi. Simoni na Andrea waliitwa wakiwa na nyavu mikononi, wakaziacha. Lawi, ambaye pia ni Mathayo, aliitwa akiwa ameketi forodhani, akainuka na kuiacha meza ya ushuru. Hakuna kati yao aliyejiteua. Walipotumwa walikatazwa kubeba dhahabu, fedha wala mkoba, wakaagizwa watoe bure kwa kuwa walipewa bure. Paulo, ambaye wahubiri wetu humtaja kila wanapodai heshima, alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila ili asimlemee mtu. Alipoagana na wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha, dhahabu wala mavazi ya yeyote.

Wakristo wa mwanzo walijua mapema kwamba jina la mtume lingevutia walaghai. Didake, mwongozo wa kale sana wa Kanisa, unaagiza mtume apokelewe kama Bwana mwenyewe, lakini akikaa siku tatu ahesabiwe nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, huyo naye ni nabii wa uongo. Ni sheria kali, na walioiweka walikuwa watu maskini waliokwisha kuumizwa.

Sisi nasi tumeumizwa. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, Tanzania, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa mhubiri mwenye cheo cha Mtume, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuja kutafuta uponyaji.

Rwanda imejibu kwa sheria. Ile ya 2018 inawataka viongozi wa dini wawe na shahada, na iliwapa miaka 5 ya kujiandaa. Mwaka 2024, ukaguzi wa Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, ulifunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000 kwa sababu za usafi, usalama, kelele na vibali. Jengo linaloweza kuwaangukia waumini lifungwe. Hapo hatuna ubishi na serikali. Lakini mkaguzi hawezi kupima wito. Ukumbi wa Nyarutarama wenye choo safi, maegesho ya kutosha na kuta zisizopitisha sauti unaweza kufaulu ukaguzi wote huku aliye madhabahuni akiwauzia watu maombi. Kazi hiyo ya kupima ni ya Kanisa, na Kanisa limeikimbia.

Asiseme mtu kwamba mfano wa mitume hauwezekani katika zama zetu. Apolo Kivebulaya, Muganda, alivuka kwenda Boga, Kongo, mwaka 1896. Akapigwa, akafungwa, akarudi tena, akafia huko mwaka 1933. Wengine ndio waliompa jina la mtume wa Wambuti.

Na hapa nyumbani tunaye Félicité Niyitegeka wa Gisenyi. Alikuwa mlei wa shirika la Wasaidizi wa Utume, akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Aprili 1994 alificha Watutsi waliowindwa, akawavusha baadhi usiku kwenda Goma. Yeye hakuwa Mtutsi. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Akamjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu wake, na kama ni kufa watakufa pamoja. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Taifa limemweka katika daraja la mashujaa wa Imena. Hakuwa na kiti cha mbele, hakuwa na walinzi, hakumwekea mtu mikono kwa malipo, wala hakuwahi kuongozana na msafara wa magari. Alitumwa kwa watu, akakaa nao mpaka mwisho.

Hukumu yetu ni hii. Anayejiita Mtume huku akiishi kwa sadaka za waliomzidi umaskini alivue jina hilo, sasa. Mabaraza ya makanisa yaliyomsimika yaeleze hadharani yalimtuma kwa nani. Makanisa ya Nyarutarama yatangaze ni sehemu gani ya mapato yao inakwenda kwa familia za Busanza, yakitaja kiasi kwa faranga, na yasitupe picha za siku moja za kugawa mchele.

Nawe muumini, una haki ya kuuliza. Kabla ya kutoa bahasha Jumapili ijayo, omba kuonyeshwa hesabu za kanisa lako za mwaka uliopita. Ukikataliwa, sadaka yako mpelekee mwenye shida kwa mkono wako mwenyewe.