Kawaida Kama Ushahidi: Filamu za Wapalestina na Deni la Uhakiki kwa Vitengeni

Imeota mizizi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imani kwamba kisa cha mnyonge hakina uzito mpaka apatikane shujaa wa kukibeba. Ndiyo maana Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) hachoki kuhakikiwa, na katika nchi ya Wagiriama jina la Mekatilili wa Menza halikosi kutajwa kila inapozungumzwa dhuluma ya ardhi. Makala haya yanadai kuwa imani hiyo ni finyu, na kwamba filamu za hali halisi kuhusu Wapalestina zimekwisha kuudhihirisha ufinyu huo.

Zichukuliwe filamu mbili. 5 Broken Cameras (2011), ya Emad Burnat na Guy Davidi, inaanza na mkulima wa kijiji cha Bil'in aliyenunua kamera mwaka 2005 ili ampige picha mwanawe mchanga. No Other Land (2024), iliyotunukiwa Oscar mwaka 2025, inaonyesha vijiji vya Masafer Yatta, katika Ukingo wa Magharibi uliokaliwa na Israel tangu mwaka 1967. Jeshi liliitangaza ardhi hiyo kuwa uwanja wa mazoezi. Nyumba inabomolewa mchana, inajengwa usiku, kisha inabomolewa tena. Kisima kinamiminwa saruji. Familia inahamia pangoni na kupika chakula cha jioni humo humo.

Kwa mhakiki aliyezoea kutafuta kilele cha msuko, takriri hii ni udhaifu. Hasha! Takriri ndiyo fani, na fani hapa ndiyo maudhui. Ukaliaji wa kijeshi ni hali isiyokwisha, inayoingia mpaka katika maji ya kunywa na ratiba ya shule. Burnat aligawa kisa chake kwa kamera zilizovunjwa, moja baada ya nyingine. Mpangilio huo umetoka katika maisha yenyewe, na hakuna kilele cha tamthilia ambacho kingeusema ukweli huo vizuri zaidi.

Sasa itazamwe Vitengeni, katika bara ya Kilifi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilipotumika pwani, ardhi ambayo haikudaiwa kwa maandishi ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza, na Wamijikenda wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wagiriama waliolima kaskazini ya mto Sabaki waliamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka. Mwezi Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Hayo yanajulikana na kufundishwa. Kisha pazia hushuka. Linapofunguliwa tena ni mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, wakati kamera za dunia zilipokuja kuhesabu miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa. Au ni pale mzee mwenye mvi anapouawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa shamba.

Kati ya shujaa na maiti pamepotea zaidi ya karne moja ya watu walio hai. Yuko wapi mama anayetembea hadi silanga iliyokauka na kurudi na mtungi mtupu? Yuko wapi maskwota wa mwambao anayeogopa kupanda mnazi, kwa kuwa mnazi ni mti wa miaka mingi naye hana hakika ya mwaka ujao? Huyo hajapigana vita vyovyote, hivyo uhakiki haumwoni.

Watakuwapo watakaosema kuwa kulinganisha Vitengeni na Masafer Yatta ni kutia chumvi. Ni kweli kwamba Vitengeni haikaliwi na jeshi la kigeni. Wakazi wake ni raia, wanapiga kura, na Katiba ya mwaka 2010 inawatambua. Lakini kinacholinganishwa hapa ni namna ya kusimulia, wala si kiwango cha mateso. Kama raia huyo ana haki ambazo mwanakijiji wa Masafer Yatta hana, basi kimya kinachomzunguka kina udhuru mdogo zaidi.

Wengine watasema filamu ya hali halisi si fasihi, kwa kuwa haibuni. Hoja hiyo inashangaza inapotoka katika idara zinazofundisha fasihi simulizi. Mtambaji wa kisa cha ukoo naye habuni watu wala mahali. Huchagua, hupanga, hukariri, hunyamaza panapostahili. Mpiga picha hufanya vivyo hivyo. Anayemkubali wa kwanza na kumkataa wa pili anatetea mipaka ya idara yake, hatetei fasihi.

Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, walisema wahenga. Ila skwota na mama wa mtungi si maiti, na wanaweza kusema. Burnat hakungoja mgeni aje kumsimulia. Aliishika kamera mwenyewe. Kijana wa Vitengeni atakaposhika yake, akapiga picha ya mtungi, jembe na karatasi ya ardhi isiyotoka, uhakiki wa Kiswahili usimwulize shujaa wake ni nani. Umsome.