Shingo ya Baiskeli ya Mtoto

Mwezi huu tunaacha uji wa mtoto na chanjo, tunashika spana.

Wiki nzima kijana wetu wa darasa la sita alilalamika kwamba baiskeli yake ya gia inagonga "ko, ko" kila anaposhika breki mteremkoni. Tukamjibu kama akina mama tunavyojibu: punguza mwendo. Ijumaa akarudi na kidevu kimechanika. Alikuwa akikwepa shimo, usukani ukamyumba, akaanguka mita chache tu kutoka barabara kuu wanakopita madereva wa malori ya Zambia. Kidonda tulikisafisha wenyewe, hiyo ni kazi tuliyoizoea. Kilichotuuma ni kwamba mtoto alikuwa amekwisha kutuambia.

Ugonjwa ulikuwa shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Humo ndani mna vikombe vya chuma na gololi, seti moja juu na nyingine chini. Ile ya chini ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu inabeba uzito na kurushiwa matope na tairi la mbele. Hapa Tunduma kiangazi ni vumbi na masika ni tope, basi grisi haidumu.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Shika breki ya mbele, weka vidole vya mkono mwingine pale fremu inapokutana na uma wa mbele, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo chini ya vidole, shingo imelegea. Halafu inua tairi la mbele na kugeuza usukani taratibu. Ukikwaruza, au ukinasa katikati kana kwamba umeingia kwenye kishimo, gololi zimechimba vikombe, na hapo hakuna dawa ila kununua vipya.

Baiskeli yetu ni ya aina yenye nati kubwa shingoni, kama zile Phoenix za baba zetu. Jumamosi tulitandika kanga kuukuu uani, tukatoa tairi la mbele na kufungua breki yake. Bolti ya juu ya usukani tuliilegeza mizunguko michache, tukaigonga kwa kipande cha mbao, usukani ukatoka. Kisha nati ya juu, washa yake, na kikombe cha juu. Mmoja ashikilie uma wakati huo, la sivyo utaanguka na gololi zitatawanyika hadi kwa jirani. Zihesabu kabla ya kuziondoa. Kama zimeshikwa kwenye pete, angalia imetazama upande gani. Ukiigeuza, shingo haitakaa sawa.

Tulisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na jiko. Hapa mtusamehe, unesi unatushika: msiyaweke mafuta hayo kwenye chupa ya soda hata siku moja. Mtoto akiyanywa asitapishwe, akimbizwe zahanati.

Gololi mbili zilikuwa na kutu. Tulinunua seti nzima, maana mpya na zilizochakaa hazibebi uzito sawasawa. Paka grisi nyingi kwenye vikombe, uzibandike gololi humo, nazo zitanata. Mafuta ya kupikia hapana, hugeuka ulimbo.

Kukaza ndiko kunakohitaji subira, na sisi tulirudia mara tatu. Zungusha kikombe cha juu kwa mkono hadi mchezo uishe, kishikilie hapo kwa spana, kisha kaza nati kwa spana ya pili. Ukikaza mno, usukani unakuwa mzito na gololi zinaanza kuchimba vikombe upya. Rudisha tairi, breki na usukani, kisha upime tena kama mwanzo. Mwisho bana tairi la mbele kwa magoti na kujaribu kupinda usukani, usizunguke.

Zile mpya zenye kifuniko kidogo juu ya shingo zina utaratibu wake. Legeza kwanza bolti za ubavuni zinazobana usukani, ndipo ukaze ya kifuniko kidogo kidogo hadi mchezo uishe. Nyoosha usukani na tairi, kisha kaza za ubavuni. Hizo ndizo zinazoshika usukani. Kifuniko hakishiki kitu, kinaondoa mchezo tu.

Jumatatu kijana alipanda tena. Tulisimama getini tukisikiliza hadi alipofika chini ya mteremko na kushika breki: kimya. Gololi nzima zilizobaki tumezifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati, kwa sababu mdogo wake amekwisha kuziona na anazitaka za kuchezea.