Gari la zamani si kosa, kosa ni freni ya kubahatisha

Magari mengi yanayobeba watu huku kwetu ni ya zamani. Kuna Land Rover zilizoanza kazi kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado zinapanda milima. Sina neno na hilo, maana gari la zamani likitunzwa linafika. Ninachopinga ni freni kutengenezwa kwa kubahatisha, halafu gari kupakiwa familia iliyokimbia vita, na magodoro na sufuria zao, na kuteremshwa kwenye kona za Ngomo, barabara namba 5, kabla ya kufika Kamanyola.

Tuelewane kwanza. Shofeeri akikanyaga pedali, kuna chombo kinachosukuma mafuta ya freni kwenye tiyo hadi magurudumuni. Mafundi wanakiita metre silinda. Ndani yake kuna vikombe vya mpira vinavyozuia mafuta yasirudi nyuma. Vikichakaa, mafuta yanapita pembeni na pedali inazama polepole. Kwenye Land Rover nyingi za zamani, njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote manne. Ikiharibika, inabaki freni ya mkono tu. Ndiyo maana Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na njia mbili tangu 1968.

Badala ya kubadilisha metre silinda, watu wanafanya nini? Wengine wanaongeza maji ya sabuni. Chuma kinaota kutu, na kwenye mteremko mrefu freni zikipata moto maji yanachemka. Mvuke hausukumi freni, kwa hiyo pedali inakwenda hadi chini bure. Wengine wanamwaga mafuta ya moteri. Hayo yanavimbisha mipira yote, na kesho yake utanunua piesi nyingi kuliko ile moja uliyoikimbia.

Patroni atasema piesi ni ghali, abadilishe vikombe tu. Inawezekana, ila kama ndani ya silinda ni laini. Ikiwa na mikwaruzo au kutu, vikombe vipya vitaliwa haraka. Hapo ibadilishwe nzima.

Na ibadilishwe vizuri. Ijazwe mafuta na kutolewa hewa ikiwa bado mezani. Fimbo ya pedali iachiwe nafasi kidogo; ikibana, mafuta hayarudi na freni zinabaki zimekamata. Mafuta yawe ya freni, DOT 3 au DOT 4 kama gari linavyotaka, kutoka kopo lililofungwa, maana yakikaa wazi yanavuta unyevu. Kisha hewa itolewe kwenye magurudumu, kwa kawaida kuanzia lile la mbali na silinda. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Ndugu zangu mliohama makwenu, najua mtu anayekimbia hachagui gari. Lakini siku mnaporudi, au mnapohamia kambi nyingine, kuna nafasi ya kuuliza. Kabla ya kupakia, mwombeni shofeeri awashe moteri, akanyage freni kwa nguvu na kuishikilia muda wa dakika moja. Pedali ikizama, msipande. Akilazimika kuikanyaga mara mbili tatu ndipo ishike, msipande. Kuuliza hivyo si dharau, hata yeye ana watoto.

Kwa wanaokodi magari ya kubeba wahamaji, nasema hivi: msipatane bei kabla fundi hajaangalia freni. Kwenye vizuizi tunaulizwa karatasi na pesa. Sijasikia anayeuliza habari ya pedali. Chama cha mashofeeri kinaweza kuanza kesho, pale pale parkingi, bila kungoja amri ya mtu. Gari lisilosimama lisiondoke.