Kuhesabu Vilivyomo Ndani ya Chumvi

Mwezi uliopita mtoto wa nyumbani kwetu alituletea daftari lake la shule tumsaidie hesabu za atomu, nasi tukamkosesha. Ni haki tulieleze kosa letu, maana huenda mzazi mwingine amelifanya vile vile.

Twaeni chumvi ya mezani. Ndani yake mna elementi mbili, sodiamu na klorini. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 katika kiini chake, wala hapana sodiamu yenye 10 au 12, kwa kuwa hesabu ya protoni ndiyo iipayo elementi jina lake. Elektroni zizungukazo kiini, kama atomu haina chaji, ni sawasawa na protoni, yaani 11. Ili kuzipata nutroni, twaondoa 11 katika namba ya masi, ambayo ni 23, zabaki 12.

Basi tukaendelea na klorini, yenye protoni 17. Jedwali la kitabuni lilionyesha 35.5. Tukaondoa 17, tukapata nutroni 18 na nusu. Mtoto akauliza, "Hiyo nusu imekaaje, baba?" Tukanyamaza.

Jambo lenyewe ni hili: 35.5 si ya atomu yo yote moja, bali ni wastani. Klorini tuipatayo duniani imechanganyika; katika kila atomu nne, karibu tatu zina nutroni 18, na moja ina nutroni 20. Zote ni klorini, maana zote zina protoni 17. Mtu akiambiwa kwamba kila nyumba kijijini ina watu watano na nusu kwa wastani, hendi kubisha hodi akimtafuta huyo nusu mtu. Lakini sisi tulikwenda.

Uzito uliwatatiza hata wakubwa kuliko sisi. Atomu ya kobalti kwa wastani ni nzito kidogo kuliko ya nikeli, walakini hutangulia katika jedwali. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley aliipima miali ya eksirei itokayo katika elementi mbalimbali, akaonyesha kuwa kobalti ni ya 27 na nikeli ni ya 28. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, naye ana umri wa miaka 27 tu. Nutroni yenyewe ilikuja kugunduliwa na James Chadwick mwaka 1932.

Swali la mwisho daftarini lilihusu elektroni. Katika chumvi, sodiamu huipa klorini elektroni moja. Zake hubaki 10, na za klorini huwa 18, wala protoni haziguswi. Hesabu hiyo mtoto aliifanya peke yake, asituite tena.