Msiniambie kipaji

Nimepotea, najua. Kazi za semina zimenibana, halafu boom likachelewa nikawa sina hata hela ya bando. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi usiku rumeti wangu kaingia na jamaa zake wawili, wakakuta nimepanga visanamu vyangu dirishani vikauke. Kwa wageni wa hapa: ni vile visanamu vya plastiki vya michezo ya mezani, wachawi, mazimwi, mashujaa, urefu kama milimita 28 tu. Dada yangu anaishi Nottingham, Uingereza, kulekule yaliko makao makuu ya Games Workshop, na akija likizo huniletea boksi. Vinakuja vya kijivu, kuvipaka rangi ni juu yako. Jamaa mmoja akaokota kiunzi cha mifupa kilichoshika upanga, akakigeuza geuza, akasema: "Dah, hiki ni kipaji mwanangu. Mimi hata nifundishwe mwaka mzima siwezi, mtu anazaliwa nacho."

Alikuwa ananisifia. Mimi nikakasirika hadi chai ikapoa.

Jamani, kipaji kinaingiaje hapo? Ngoja niwaambie nilichofanya. Nilipulizia rangi nyeusi ya chini ili zinazofuata zishike. Nikapaka rangi ya mfupa mara mbili, nyembamba, imepunguzwa kwa maji. Nikamwagia rangi ya kahawia ya majimaji, yenyewe ikakimbilia kwenye mashimo ya mbavu na macho ikatengeneza kivuli. Ilipokauka nikachukua brashi nzee, nikaichovya kwenye rangi nyeupe, nikaifuta kwenye karatasi ya chooni mpaka ikabaki kama vumbi, nikaipitisha juu juu. Ncha za mifupa zikawaka. Basi. Nusu ya kazi imefanywa na maji yanayoteremka kwenye mashimo, hayo nayo yana kipaji?

Na kilichomtoa macho hasa yule jamaa kilikuwa kitako, yaani kile kisahani cha milimita 25 ambacho kisanamu kinasimamia. Kitako ndicho rahisi kuliko vyote! Gundi nyeupe ya mbao, mchanga wa Coco Beach niliousuuza chumvi, kipande cha gome la mti kikawa jabali. Majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yakawa majani makavu ya msituni (yakaushe kweli kweli, la sivyo yanaota ukungu, nimeshapoteza vitako vitatu). Juu yake kahawia iliyokolea, halafu brashi kavu ya rangi ya krimu, ukingo ukaupaka mweusi ukae safi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kuna watu Ulaya wanauziwa mchanga kwenye kichupa, lakini hilo tuliache leo.

Wenyewe wanaofundisha mambo haya wanalijua. Duncan Rhodes, aliyekuwa akitoa mafunzo kwenye video za Games Workshop hadi 2019, amejulikana dunia nzima kwa sababu ya somo moja tu: paka tabaka mbili nyembamba, usipake moja nene. Sasa hilo ni la kuzaliwa nalo? Hilo ni la kuambiwa.

Na sisi wa ualimu ndio tunatakiwa tuwe wa mwisho kabisa kulisema hilo neno. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliandika kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wakijenga piramidi ya vipande vya mbao, mwalimu yuko pembeni, anasaidia palipowazidi, wakiweza anajitoa. Wakaufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi ujenzi. Sote tumelikariri tukajaza kwenye mtihani, tukapata alama zetu. Tukitoka nje tunasema "fulani ana kipaji, fulani hana". Huo ni uvivu wa mwalimu tu, tumeuvisha nguo nzuri.

Hasira yangu ina historia. Darasa la tano mwalimu aliinua ramani yangu ya Afrika mbele ya wenzangu, akasema huyu hana mkono, asijisumbue. Nilimwamini miaka tisa, hadi dada aliponiletea boksi la kwanza. Hilo nimeshalisamehe. Ambalo sijalisamehe ni langu mwenyewe. Mwaka jana nikiwa TP, Jiografia kidato cha pili, binti mmoja aligoma kuchora delta ya mto. "Sir, mimi sina kipaji cha kuchora." Na mimi, mwenye brashi na visanamu chini ya kitanda, nikamwambia haya, andika maelezo tu. Nilikuwa na haraka ya kumaliza mada kabla mkaguzi wangu hajaja. Dakika kumi zingetosha: chora mstari wa mto kwanza, kisha matawi, kisha ukingo wa bahari. Sikumpa. Mtihani wa muhula ukaja na mchoro.

Mtaniambia wapo mabingwa, wale wanaoshinda Golden Demon, mashindano yanayofanyika tangu 1987, wanaochora mboni ndani ya jicho dogo kuliko punje ya ufuta. Nakubali, huko juu mikono inatofautiana, na muda na hela pia. Lakini nani kamwambia yule binti awe bingwa? Alitakiwa kuchora delta.

Basi usiku uleule nikampa jamaa kiunzi kimoja na brashi. Alibisha, akakaa. Saa sita kasoro alikuwa bado kainama kwenye taa ya simu, rumeti analalamika hapati usingizi. Mguu mmoja rangi imejaa kama uji, maji hakuweka ya kutosha, nilimwambia. Mguu wa pili mzuri. Leo jioni anarudi tuweke mchanga.

Haya, ngoja niwahi kipindi cha saa mbili, ukichelewa unasimama dirishani.