Msiruke matoleo ya mwanzo

Mwandishi, makala yako nimeipenda, ila hapo uliposema msomaji mpya aruke katuni za Spider-Man za miaka ya 1960 na kuanzia kwenye kifo cha Gwen Stacy, sikubaliani nawe kabisa. Toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, ambamo Gwen anakufa, linauma kwa sababu ya yaliyotangulia. Ukifuata mpangilio unamwona Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, akimaliza sekondari toleo la 28, kisha toleo la 31 anaanza chuo, na hapo ndipo Gwen anapotokea kwa mara ya kwanza. Peter anampita kama hamwoni, maana akili yake yote iko kwa shangazi yake May aliyelazwa hospitali, na binti wa watu anadhani kijana ana maringo. Mapenzi yale yalianzia kwenye kununiana! Binamu yangu alisoma 121 peke yake akasema ni hadithi ya kawaida tu. Mimi niliyekuwa na Peter na Gwen tangu walipokutana chuoni nililia. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba michoro ya zamani inachosha, vumilia kidogo: Steve Ditko anaishia toleo la 38 mwaka 1966, John Romita anashika kalamu toleo la 39, na sura za watu zinabadilika mbele ya macho yako. Anza na Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, anakoanzia Spider-Man. Ukifika toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, Peter amelaliwa na mtambo na maji yanavuja juu yake, soma taratibu, kila kisanduku.