Usukani unalia wakati gani?
Juma lililopita gari langu lilianza kugonga ka-ka-ka kila nikikata kona ya kulia kuingia mtaani kwetu. Fundi wa kwanza hakuinama hata kidogo. Alisikiliza dakika moja, akasema mfumo wote wa usukani umekwisha, ununuliwe mwingine. Wa pili, mzee wa makamo, alinipeleka uwanjani: zungusha usukani hadi mwisho, kanyaga mafuta taratibu, uende duara. Mlio ukaja, ukawa wa haraka kadiri mwendo ulivyoongezeka. Akalala chini na tochi, akanionyesha gurudumu la kushoto: mpira wa sivi jointi umepasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu, mchanga umeshaingia kwenye gololi. Mpira ule ungebadilishwa ulipoanza kuchanika, jointi yenyewe ingepona. Inaniuma kuona watu wanauziwa vipuri wasivyovihitaji kwa sababu hakuna aliyewauliza mlio unakuja lini. Ukivuma gari likiwa limesimama na usukani umefika mwisho, kwa magari yenye pawa stering ya mafuta, fungua boneti utazame kwanza kama mafuta hayo yamepungua, kisha utafute yanakovujia. Ukigonga kwenye mashimo, chunguza boljointi, tairodi na kikalio cha shokapu. Huo wa mashimo usiulaze hata siku moja: boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu linalala upande na usukani hauliongozi tena.